Diski ya Baba Mkwe

Ghati alipopiga simu hakunisalimia. Alisema tu, "Wifi, mzee ametutoka. Njoo na ile sipiyu," kisha akakata, maana Ghati hata kwenye msiba ni mtu wa kubana salio. Nilibaki nimekaa jikoni kwangu hapa Tarime, kisu mkononi, mchicha nusu umekatwa, nikiangalia kona ambayo sipiyu hiyo imesimama miaka yote, imegeuzwa stuli ya debe la maharage. Wataalamu husema sipiyu ni kitu kidogo kilichomo ndani, na kwamba sanduku lenyewe lina jina lake. Najua, nilisoma. Lakini kwetu sanduku zima ni sipiyu, na siku ile sikuwa na nguvu za kumsahihisha mtu. Mkamwana akiambiwa baba mkwe amefariki anatakiwa alie, na ikiwezekana alie kwa sauti ili majirani wamsikie. Mimi kilichonijia kwanza ni aibu. Ilinipanda usoni, jikoni, peke yangu, nikiwa mtu mzima mwenye miwani, kama ilivyonipanda mwaka ule tulipokaa Kewanja. Nilishusha debe la maharage, nikafuta vumbi kwa upindo wa kanga, nikasema kwa sauti, "Haya, twende ukanianike."

Mwaka ule nilikuwa na vitu vitatu: cheti cha kidato cha nne, mafunzo ya kompyuta niliyoyapata Tarime mjini, na mume aliyepagawa na dhahabu. Marwa hakuwa peke yake. Kewanja nzima ilikuwa imepagawa. Mtu alilala mkulima akaamka mwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, na jioni unamkuta anaagiza soda kwa ajili ya watu asiowajua. Tulipanga chumba kimoja katika safu ya vyumba vya tope vilivyoezekwa bati, na chumba chenyewe kilikuwa kitanda chenye nafasi kidogo pembeni. Chini ya kitanda palikuwa stoo na miguuni pake palikuwa jiko. Kichwani pake palikuwa ofisi, maana Marwa alipopata jiwe zuri, wenzake walinunua ng'ombe na pikipiki, yeye akaninunulia kompyuta. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitachapa barua za watu na kuwaingizia nyimbo kwenye simu bila kutoka ndani. Hiyo ya kutotoka ndani ndiyo iliyonivutia zaidi. Mimi ni mtu wa ndani tangu kuumbwa. Ghati, dada yake Marwa, aliyekuwa akiuza chai na mihogo mbele ya safu yetu, alikuwa akiwaambia wateja, "Wifi yangu mimi atazaliwa tena konokono, ili akilazimika kusafiri asiiache nyumba." Wateja walicheka, nami nikacheka kutokea ndani. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta la kinyozi wa chumba cha pili; kinyozi akiwa na kichwa cha kunyoa, nami nina kazi. Akikosa kichwa, nalala.

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa wasio wa huku. Kwetu baba mkwe haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii kabisa, hata mvua inyeshe mawe. Na mkamwana hamtaji jina, hamkabidhi kitu mkono kwa mkono, hasimami mbele yake kichwa wazi. Mimi hadi leo jina lake sijalitamka, na humu pia sitaliandika. Ukienda nyumbani kwao Nyansurura utaona kwamba si mambo ya ukali. Pale uwanja ni mpana, kila nyumba ina mlango wake, ng'ombe wako katikati, na heshima ina mahali pa kupita bila kumkanyaga mtu. Tatizo ni kwamba tuliibeba heshima ya uwanja mpana tukaja nayo kwenye chumba kimoja cha bati. Na mimi, msomi wa kidato cha nne, niliicheka. Shuleni nilishinda mdahalo nikipinga mila, na walimu walinipigia makofi. Pale Kewanja nilikuwa nikimwambia Ghati, "Wifi, hizi mila ziliwekwa na watu waliokuwa na nafasi. Mwenye chumba kimoja hana mila, ana pazia." Niliuona ni usemi mzuri sana. Niliurudia kwa watu wengi.

Mzee alikuja Kewanja kutazamwa mkono zahanati. Alikuwa mpiga litungu, lile zeze kubwa la Wakurya la nyuzi nane linalonguruma hadi ukalisikia tumboni kabla ya masikioni. Watu walimwita harusini kutoka Mbalibali na kutoka mbali kuliko hapo. Lakini kabla mimi sijaolewa, yeye naye alikuja kujaribu bahati, mzee mzima, akashuka kwenye duara la rafiki yake, jiwe likamchukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Sikuwahi kumsikia akipiga. Nilimkuta na mkono ule, anautia mfukoni watu wakiwapo. Safari hiyo alilala kwa mtu wa rika lake, upande wa pili wa kijiji, na mchana alikuja kukaa nje ya chumba chetu, kwenye kivuli cha bati, mgongo ameuegemeza ukutani. Mimi niko ndani na mgongo wangu, kwa bahati ya vipimo vya chumba kile, ukutani upande wa pili. Tulikaa hivyo siku nzima, tumetenganishwa na tope na fito, tukisikilizana tunavyokohoa. Chakula nilipika mimi, ugali wa mtama na muhogo, dagaa wa ziwani, maziwa mgando. Ghati alikipokea mlangoni akampelekea hatua tatu mbali. "Tata anasema ugali umeiva," Ghati alikuwa akirudi kuniambia, tata ikiwa ni baba kwa Kikurya. Nilikuwa nimesikia. "Mwambie asante." Naye alikuwa amesikia. Ghati alirudia hata hivyo, akibana cheko, maana ukalimani ule ulimfurahisha kuliko biashara ya chai.

Siku moja Ghati aliingia na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. "Tata anauliza kama hiki kinaweza kuongea." Nilifungua. Ilikuwa ile diski ya kompyuta wanayoiita hadi diski, ya zamani, nzito kama tofali dogo. Ilieleweka taratibu, kupitia ukutani, kwamba mwenye studio mmoja wa Mugumu, Bwana Saidi, fundi mwenye asili ya pwani, alimrekodi mzee enzi vidole viko kumi, ili auze kanda. Kisha Bwana Saidi akafunga studio akarudi kwao, na kabla ya kuondoka akaichomoa diski akamkabidhi: nyimbo zako hizi, mzee, ukipata mwenye mashine zitaongea. Mzee hakuwa na mashine. Aliitunza pamoja na litungu lenyewe, juu darini, moshi ukivipiga vyote viwili.

"Anauliza itaongea?" Ghati akasisitiza.

Nilikuwa nimeshafungua sipiyu yangu mara nyingi kupangusa vumbi, na nilijua chini ya diski yangu kuna nafasi tupu, kama rafu ambayo hakuna aliyeipangia sahani. Nilijua pia, kwa mafunzo ya Tarime, kwamba waya wa ndani ulikuwa na kichwa cha pili kinachoning'inia bila kazi. Nikasema itaongea. Nikasema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, ili ukuta usikie vizuri. Nilijisikia daktari.

Kinyozi alipata wateja baada ya chakula cha mchana, jenereta likaunguruma. Nilikaa sakafuni, kanga moja kiunoni, kichwa wazi kwa joto la bati, nikafungua ubavu wa sipiyu kwa kisu cha mchicha kwa sababu bisibisi ilikuwa imeenda na Marwa kwenye duara. Diski ya mzee iliteleza kwenye nafasi yake kama droo inayorudi kabatini. Skrubu hazikutosha, nikaikaza kwa mbili za upande mmoja. Nikachomeka waya bapa wa kupitisha taarifa, nikachomeka waya wa umeme, nikawasha. Kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha. Cheusi. Haikuiona ya mzee, na sasa haikuiona hata yangu.

"Tata anauliza mbona kimya?"

"Mwambie zimegombana."

"Nani kagombana?"

Nikaeleza, nikimwambia Ghati na kuuelekezea ukuta uso, kwamba kila diski ya aina ile ina kibanio kidogo cheusi nyuma, mafundi wanakiita jampa, na kikiwekwa hivi diski inajiona ndiyo mkubwa wa nyumba, kikiwekwa vile inakubali kuwa ndogo. Hizi mbili zote zimekuja zikiwa wakubwa. Ndani humu kuna wazee wawili na hakuna anayesalimia kwanza.

Mzee akacheka nje ya ukuta. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. "Mwambie mke wa Marwa," alisema, "mgeni ndiye anayesalimia. Yangu iwe ndogo."

"Tata anasema mgeni ndiye anaye..."

"Nimesikia, wifi!"

"Na mimi kazi yangu ni kusema!" Ghati akajibu. Tukacheka watu watatu, wawili ndani na mmoja nje. Nakumbuka niliwaza kwamba kama kuishi na ukwe ndiko huku, basi si kugumu kama wanavyosema.

Nikakichomoa kibanio kwa ncha ya kisu, nikakihamishia kwenye vijiti vya pembeni, nikasali kidogo, nikawasha. Mashine ikafikiri. Yangu ikajitaja kwanza, ya mzee ikafuata chini yake, kwa adabu. Ndani nilikuta nyimbo zimepangwa, nikabonyeza ya kwanza, na kwenye spika zangu mbili za bei rahisi, zilizokaa mezani kichwani pa kitanda, kikatoka kikohozi. Ni kikohozi kilekile nilichokuwa nikikisikia ukutani kila siku, ila cha mtu mwenye nguvu. Kisha uzi mmoja mnene ukaguswa, ukafuata mwingine, na litungu likaingia ndani ya chumba chetu hadi vikombe vikatetemeka kwenye ndoano.

Sijui ilipita muda gani. Nilikuwa nimefumba macho. Ghati alikuwa ametoka kumhudumia mteja wa chai. Nilipofumbua, mzee alikuwa amesimama ndani.

Hakuwa ameingia kama mtu anayevunja jambo. Aliingia kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Alikuwa ameshapita mlango, ameshapita jiko, amesimama kati ya kitanda na meza, uso ameuelekeza kwenye spika, na kofia yake alikuwa ameiweka kitandani, kama mtu afanyavyo anapofika kwake. Mkono ule wenye vidole vitatu ulikuwa umetoka mfukoni. Ulikuwa ukicheza pajani mwake, ukifuata nyuzi, na pale palipohitaji vidole viwili ambavyo havipo mkono uliruka kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi, ukatua mbele na kuendelea. Juu ya kichwa chake, kwenye kamba, zilining'inia chupi za mwanawe na sidiria yangu.

Na msomi, mshindi wa mdahalo, mama wa usemi kuhusu pazia, alifanya nini? Alipiga yowe. Nilipiga yowe kama aliyeona chatu, nikajifunika kichwa kwa kanga, na kwa kuwa kanga ilikuwa moja tu, nakuachia mwenyewe ufikirie hali ya chini. Kisha nikaushika waya wa umeme nikaung'oa ukutani.

Litungu lilikatika katikati ya uzi. Mzee alishtuka kama aliyeamshwa. Alikitazama kitanda, akaitazama kamba ya nguo, na nikamwona anaelewa alipo. Mkono ukarudi mfukoni. Aligeuka, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, akatoka. Kofia ikabaki kitandani.

Ghati alikuja mbio na birika mkononi. Aliiona kofia. Nilingoja utani wake, niliuhitaji kama maji. Aliiinua kofia kwa mwiko wa ugali, akatoka nayo.

Kilichofuata kilifuata utaratibu wake. Mzee alirudi Nyansurura bila kungoja majibu ya mkono. Mbuzi alichinjwa, majani ya tumboni mwake yakanyunyizwa kizingitini, maneno yakasemwa, na wazee wakasema limekwisha. Marwa hakunigombeza. Nilimsikia tu jioni moja, kupitia ukuta wa upande ule mwingine, kinyozi akimwita kijana kwa Kikurya, "Mura, baba yako kaimbiwa na yeye mwenyewe hadi kitandani," na Marwa akacheka, kisha akasema, "Kinyozi, hiyo iishie hapo." Watu hudhani nilichoonea aibu ni kanga. Kanga niliisamehe mapema. Niliona haya kwamba mila niliyoicheka kwa miezi mingi nilikuja kuitii kwa sekunde moja mbaya kuliko zote. Bibi yangu asiyejua kusoma angeinama, akatazama chini, akaacha wimbo ufike mwisho, kisha akakohoa ili mzee ajikumbuke mwenyewe na atoke na heshima yake. Heshima ina ujanja mwingi wa namna hiyo. Mimi niliijua ile ya mdahalo tu, nikaitumia kama rungu.

Baada ya hapo hakuna aliyeitaja diski. Mzee hakuuliza, na asipouliza yeye mimi siwezi kuanza, na Ghati, mkalimani wetu, aliacha ghafla kutafsiri. Nilipokwenda Nyansurura kwa sikukuu nilimsalimia shikamoo kwa mbali, nimepiga magoti, naye akaitikia marahaba akitazama ng'ombe. Dhahabu ya Marwa ikaisha kama zilivyoisha za wengi. Tukahamia Tarime, tukapata vyumba vingi, milango mingi, hata sebule ambayo mtu yeyote angeweza kuketi. Hakuja. Na hapa ndipo ninapoandika taratibu. Mimi nyimbo zile nilizisikiliza. Marwa akitoka, nafunga mlango, nashusha sauti hadi iwe kama inatoka kwenye ukuta, na ninamsikiliza mzee akiwa na vidole kumi. Nilifanya hivyo kwa miaka, kama anayekula nyama ya mgeni jikoni. Nilijua kila wimbo, kila kikohozi, nilijua mahali anapomwambia Bwana Saidi asogee. Naye, mwenye mkono, alikaa Nyansurura na litungu darini na alikuwa amesikia nusu ya wimbo mmoja. Kompyuta ilipozeeka niliacha kuiwasha, nikapandisha debe la maharage juu yake, nikaona nimeisahau.

Nilifika msibani na sipiyu mapajani imefungwa kwenye kanga, spika zangu zilezile na kibodi ndani ya mfuko, kioo miguuni. Ghati alinipokea, kichwa kimejaa mvi, akanikumbatia akalia, kisha akalipapasa lile furushi. "Umeileta na maharage yake?" Nikajua hajabadilika. Wapiga litungu wa rika la mzee walikuwa wamekwisha wote, alisema, na vijana wameleta muziki wa kukodi ambao hata marehemu angeukimbia. Tuliiweka mashine mezani katika nyumba ya Marwa pale uwanjani, ile ambayo baba yake hakuwahi kuuvuka mlango wake, tukavuta umeme kwa jirani mwenye jenereta. Nilibonyeza. Ilikaa kimya muda mrefu, ikanguruma, na kwenye kioo yangu ikajitaja kwanza, na ya mzee ikafuata chini yake.

"Watu wako nje, wifi," Ghati akasema. "Toa spika nje."

Nikaibeba spika moja. Nilitembea polepole kuelekea mlangoni, nikingoja waya univute nyuma. Haukunivuta. Nilifika kizingitini, nikavuka, nikashuka ngazi, na bado waya ulikuwa umelegea nyuma yangu, ukiburuzika sakafuni. Nilisimama nikautazama. Chumba chetu cha Kewanja kinaingia mara tatu ndani ya nyumba ile ya Nyansurura. Kule, spika ingefika mlangoni, ingefika kivulini alipokaa ameegemea ukuta, ingefika mapajani mwake kama angetaka kuipakata. Siku ile, na kesho yake, na miaka yote iliyofuata. Hakukuwa na mila inayokataza.

Ghati aliuona waya. Akanitazama, na nikajua na yeye anapima chumba kile kichwani. "Ulikuwa unafika," alisema.

"Ulikuwa unafika."

Hakunitania. Aliingia ndani akabonyeza yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa jiko kuona kama ni moto. Niliishusha spika chini, pembeni ya mlango. Kikohozi kikatoka kwanza, na kabla sijafikiri nilikuwa nimejifunika kanga kichwani, nimetazama chini, na nimesogea kando ya mlango kumpisha mzee apite.